Mpagazi wa River Road asubiri waya upite mguuni

Saa mbili asubuhi, River Road. Dalmas Okinyi, mpagazi mwenye umri wa miaka 54, amebeba begani katoni moja ya karatasi kuelekea kwa wachapishaji. Baada ya maduka manne anasimama. Analitazama dirisha la duka la vifaa vya ujenzi kama anayechagua kitu.

"Okinyi, leo unanunua bomba gani?" anauliza mwenzake, Haron, akimpita na katoni tatu.

Dalmas anatabasamu kidogo. Hanunui chochote. Anasubiri shavu la mguu wa kulia liache kuuma.

Maumivu yalianza miaka miwili iliyopita katika mguu wa kushoto. Akitembea, ulikaza, akisimama, ukaachia. Alidhani ni uchovu. Wapagazi anaofanya kazi nao wana dawa yao: blada, ule ukanda wa mpira wa kufungia mizigo. Huufunga chini ya goti, wakiamini mguu uliobanwa hauchoki.

"Nilikaza hadi vidole vikafa ganzi," anasema. "Nikaona imefanya kazi, kwa sababu sikusikia uchungu tena."

Hakusikia kidonda pia. Katoni ilimwangukia kidole, kikawa cheusi ndani ya kiatu. Mkewe, Selpher, ndiye aliyegundua, kwa harufu.

Hospitalini alielezwa kwamba mshipa wa damu chini ya goti ulikuwa umeziba, na blada ilikuwa ikizuia hata damu kidogo iliyobaki. Madaktari walipitisha waya mwembamba kutokea kinenani, wakachoma uchafu uliouziba mshipa kwa mwale wa leza, kisha wakaacha ndani stenti, kijibomba cha wavu kinachouzuia mshipa usijifunge tena. Mguu uliokolewa. Vidole viwili vilikatwa.

Sasa mguu wa kulia nao umeziba, na kisigino kina kidonda kisichofunga. Jumanne utafanyiwa kama ule wa kwanza. Waya ukikataa kupita, mguu utakatwa chini ya goti. Daktari amemkataza mizigo. Anabeba hivyo hivyo, kwani akikaa nyumbani, anasema, kazi yake ni kuusikiliza mguu tu.

Kila jioni, nyumbani Mountain View, Selpher humwosha miguu na kuikagua. Kisha wanasali.

"Baba Maurine akifika kwa amina, namwona anajaribu kuchezesha vidole," anasema Selpher, akimtaja mumewe kwa jina la binti yao.

Wanaishi ghorofa ya nne. Wiki jana Dalmas alimwendea mwenye nyumba, Virginia, akauliza kuhusu chumba kilicho wazi chini, kwa kuwa mguu ukikatwa hataweza ngazi zile.

"Nimemwambia anishikie hadi Jumatano," anasema. "Lakini naomba Mungu amletee mpangaji mwingine."