Kisima Kilichopanda Chenyewe

Krrr, krrr. Mlio mzito wa mbali, kama jiwe la kusagia uwele linalosukumwa nyumba ya tatu kutoka kwako. Loisi aliusikia mara ya kwanza akiwa na miaka tisa, jua la mchana likiwaka, katikati ya mto wa mchanga unaopita nyuma ya kijiji chao, upande wa Mvumi.

Siku hiyo wakubwa walikuwa wakigombania zamu ya kuteka. Yeye alichuchumaa kando ya kisima walichochimba mchangani, akaona maji yanapanda yenyewe, wala hakuna aliyemwaga. Yakageuka meupe kama maji ya kuoshea nafaka, vipovu vikichomoza chini. Alifungua kinywa aseme. Akamwona shangazi yake amenuna, akakumbuka kwamba mtoto hakatizi maneno ya wakubwa. Akafunga kinywa. Mto ukaja umesimama wima kama ukuta, umebeba migunga na mizizi yake, ukamzoa dada yake Ruthu akiwa ameinama na kata mkononi. Walimkuta kesho yake, mbali, amenasa kwenye matawi. Mkono mmoja haukuonekana.

Tangu hapo Loisi alizeeka akiukodolea macho mto ule. Ulikuwa mkavu karibu mwaka mzima, na watu waliuona kama barabara pana tu. Yeye aliuona kama ng'ombe mkali aliyelala. Alijua mahali mchanga unapokuwa baridi chini ya unyayo, ndipo maji yalipo karibu. Alijua vyura wakihama kingoni mchana kweupe, kuna jambo. Alijua harufu ya vumbi bichi inayotoka juu milimani kabla ya wingu kuonekana. Wanawake walimwita kuwaonyesha pa kuchimba, wakamshukuru, wakamcheka kidogo pia, kwa sababu aliongea na visima.

Kisha biashara ikaachiwa huru. Malori ya wachuuzi yakaanza kuukata mto kila siku ya mnada, yamejaa marobota ya mitumba, mbuzi, na watu wamekaa juu ya vyote. Madereva walitoka mbali. Mto wenyewe hawakuujua.

Januari ya mwaka tisini na nane, mwaka ule wa mvua zilizokataa kuisha, lori moja lilisimama kingoni likitoa mvuke. Dereva, kijana mmoja aitwaye Hasani, akateremka na dumu, akamwendea Loisi kisimani.

"Shikamoo mama. Naomba maji ya rejeta."

"Marahaba, mwanangu. Sogeza dumu."

Loisi alichota kata moja, kisima hakikupungua. Akachota ya pili, maji yakapita alama aliyoichora kwa kidole ukutani mwa kisima. Ya tatu ilikuja nyeupe.

Loisi akaitupa kata.

"Usivuke. Mto unakuja."

Hasani alitazama juu. Mbingu ilikuwa tupu. "Unakuja na basi la saa ngapi, mama?"

Juu ya lori wakaangua kicheko. Swaumu, mama mmoja muuza mitumba, akapaza sauti kutoka kwenye robota lake: "Anataka tukwame hapa atuuzie pombe! Twende, Hasani, mnada unaisha!"

"Mvua imepiga kule milimani. Nusu saa tu, mwanangu. Nusu saa."

"Mama, watu wanatuangalia." Hiyo ilikuwa sauti ya Yudith, mke wa mwanawe, aliyekaa juu pamoja na wengine, mtoto mgongoni, uso umejaa aibu.

"Shuka, Yudith."

Yudith hakushuka. Hasani akawasha gari.

Loisi aliokota jembe alilochimbia kisima, akakanyaga bampa, akalipiga kwenye kioo cha mbele kwa nguvu zote za mikono iliyochimba mchanga miaka arobaini. Kioo kikapasuka chote. Akapiga tena, vipande vikamrukia Hasani usoni.

Wanaume waliruka chini. Mmoja alimvuta kwa khanga akaanguka kisogo. Hasani, damu ikimtiririkia machoni, alimpiga ngumi ya mdomo, jino likatoka. Akampiga teke la mbavu, kitu ndani kikalia kama kuni kavu. Swaumu alikuja na kiatu. "Mchawi! Mpige huyo!" Yudith alipiga mayowe, akashuka akijikwaa, akamlalia mkwewe, naye akala teke la bega.

"Mtoeni hapo!" Hasani akarudi kwenye usukani, akafuta vipande kwa kiwiko, akaingiza gia. Tairi za mbele zikazama mchangani. Loisi akatambaa kwa viwiko, akajilaza mbele yake. Wawili wakamshika miguu wakamburuta. Akang'ang'ania bampa hadi kucha zikang'oka.

Sikio lake lilikuwa chini kwenye mchanga. Yeye ndiye aliyesikia kwanza.

Krrr.

Kisha wote wakasikia. Mbuzi walipiga kelele, watu wakamiminika kutoka juu ya lori kama mtama kwenye gunia lililotoboka. Waliokuwa wakimvuta Loisi wakaendelea kumvuta, safari hii kumpandisha kingoni. Hasani aliruka nje kwa mlango wa pili, akakimbilia kingoni. Maji yalilibamiza lori ubavuni, yakaliinua, yakalipindua mara mbili, yakaliponda kwenye mwamba. Marobota yakapasuka. Mashati na magauni yakatoka yakipanda juu ya povu jekundu, yamenyoosha mikono, mengi mno, yakapita.

 Swaumu alikaa chini, kiatu bado mkononi.

Hasani alipiga magoti kando ya Loisi, akachana shati lake, akamfuta damu mdomoni. Damu ikazidi kutoka, akawa anaipaka tu.

"Mama," akasema, "nilikudhihaki, nikakupiga. Kwa nini hukutuacha tu twende?"

Loisi alinyoosha mkono wenye vidole visivyo na kucha, akagusa unyayo wa mtoto mgongoni kwa Yudith. Ulikuwa wa moto. Akahema kidogo kidogo, kwa sababu ya mbavu, na Hasani ilimbidi ainame amsikie.

"Niliwahi kunyamaza."