Mume Wetu Tulishazika

Wacha nicheke kwanza. Hii meno yangu chache imebaki haikai ndani ya mdomo nikikumbuka nyar Mombasa na ile nguo yake nyeusi ya mpira, chupa ya hewa mgongoni, viatu kama miguu ya bata, anaingia kwa ziwa kinyumenyume.

Nyar Mombasa, yaani binti wa Mombasa, ndivyo tulimwita, kwa sababu huko baharini ndiko alikuwa anapiga picha chini ya maji. Alinionyesha kwa simu: matumbawe, mawe ya rangi kama leso za soko ya Oyugis, na ati hayo mawe yako hai, yanakula. Nikamwambia, "Nyathina, mtoto wangu, huku kwetu Mfangano mawe ni mawe. Hayali kitu." Yeye alikuja kupiga picha fulu, hao samaki wadogo wanakaa kwa mawe. Sisi tunapatia paka.

Mke mwenzangu, yule mdogo, hakujali fulu. Alimshika huyo msichana mkono. "Mama, ukiona mfupa hapo chini, nipigie picha. Mfupa ya mume wangu."

"Wetu," nikasema.

"Wako ulishazika."

Na ni kweli. Miaka sita ilikuwa imepita tangu mume wetu atoke asubuhi na mashua, asirudi. Wanaume walitafuta mpaka wakachoka, wakasema ni upepo ulimzamisha. Sasa kwetu, mtu akipotelea kwa maji, kaburi yake haiwezi kukosa kitu. Tunazika yago, ile tunda ndefu, nzito, ya porini. Tukaifunga shuka, tukailia, tukanyolewa kichwa, mimi na mwenzangu. Mimi nikamaliza kulia. Yeye akakataa. Kila asubuhi anaenda kwa maji kumwita. Alitaka mfupa hata moja tu, ilale pale nyumbani, mume mwenyewe, si tunda.

Na mimi nampigia kelele kutoka jikoni: "Amejibu? Muulize anataka ugali ama uji!" Wajukuu wanacheka, yeye anapangusa macho. Huo mchezo niliufurahia miaka sita, sitadanganya.

Basi msichana akashuka. Kamera ameifungia kwa sanduku ya kioo, taa mbili zimesimama juu yake kama macho ya kaa. Alisema maji yetu ukishuka kidogo inakuwa kijani kama mboga ya mrenda. Rangi nyekundu ndiyo inakufa ya kwanza, mpaka ubebe taa yako ndio irudi.

Siku ya tatu alitoka bila kusifu samaki wake. Akakaa kwa jiwe, akafungua kamera.

"Mama, sikuona mfupa. Lakini nimeona mashua."

Nikatazama. Ni yetu! Bluu, na mstari wa manjano nilipaka mimi mwenyewe, ile imepinda mahali nilipiga chafya. Mwenzangu akaanguka magoti, anabusu kamera, anaita jina lake.

"Hebu ikuze hapo nyuma," nikasema.

Shule niliacha darasa la pili, lakini baba yangu alikuwa fundi wa mashua, na mashua naisoma. Injini haiko. Mahali pake, nati zimefunguliwa vizuri, mbao haijapasuka hata kidogo. Halafu ndani kuna mawe makubwa, yamepangwa mstari kama mkate dukani. Na chini kuna shimo, imekatwa na panga kutoka ndani. Sasa niambie, ni upepo gani unajua kufungua nati?

Yawa, nilicheka mpaka nikakaa kwa mchanga. "Wewe! Miaka sita unaita maji, na mtu amejibebea injini yake akaenda!"

Hakulia. Alimwomba msichana amwonyeshe tena, na tena. Halafu akauliza pole pole, "Hii unaweza kunitolea kwa karatasi?"

Mwaka haukuisha, mume akaja. Alikuwa Muhuru, huko Migori, kwa mwanamke mwingine. Kifua ikamshika, mwanamke akamfukuza. Alisimama kwa geti yetu, mwembamba kama kasia. Mimi nilitaka kumfungulia, si mapenzi, nilitaka tu kusikia uongo yake. Lakini mwenzangu alifika mbele, ile picha mkononi.

"Fungua. Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mume wako!"

"Mume wangu ni ule pale." Akaonyesha kaburi. "Alikufa maji. Nilimnyolea nywele. Umekuja nazo?"

"Hiyo ni tunda, mwanamke!"

"Tunda imekaa nyumbani. Na mtu amezikwa haingii kwa boma na miguu yake, uliza wazee."

Akakohoa sana. Akaomba maji tu, ya kunywa.

"Maji unajua mahali iko," mwenzangu akamwambia, akamwekea picha mbele ya macho.

Basi akanigeukia mimi, mke mkubwa. Nikamuuliza, "Unataka ugali ama uji?"

"Uji," akasema. Masikini, alisema kwa heshima.

Tulicheka, mimi na mwenzangu, tumeshikana mabega, mara ya kwanza tangu aolewe. Hatukumpea. Alikaa pale nje mpaka jua ikapanda juu, halafu akarudi kwa boti.

Mvua iliyofuata watu wa Muhuru wakapiga simu: amekufa, njooni mchukue mwili. Mwenzangu ndiye alishika simu. Yeye, ambaye alikuwa anaomba mfupa moja!

"Mmekosea nyumba," akawaambia. "Wetu tulishazika." Akanirudishia simu, akaendelea kuchagua omena.