Mama wa Maandazi wa Dzaleka na Saa Asiyoiuza

Ni alfajiri, na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, bado imejifunika. Katika kibanda cha jiko nyuma ya nyumba yake, Vénérande Nabintu amezamisha mikono katika beseni la unga. Anakanda, anakunja, anapiga, anakanda tena. Jasho linamtoka ingawa baridi ya huku wilayani Dowa ni ile ya kumfanya mtu atafute koti la pili.

Akisharidhika, anaufunika unga kwa kitenge safi, anageuza ndoo tupu kifudifudi na kuikalia. Mikono haioshi. Kuanzia hapo, hata ukija na noti mkononi, huuziwi kitu.

"Unga inapanda, na mi nakaa na Mungu," anasema. "Ile saa haiko ya mutu mwingine."

Vénérande ana miaka 43, ni mzaliwa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na mama wa watoto wanne. Anaishi kwa kuuza maandazi, ambayo Wamalawi huyaita mandasi na Wakongo wenzake huyaita beignets. Wateja wake wa kwanza ni wale wanaowahi foleni ya maji, na baada yao wanafunzi. Wote wanajua kwamba unga ukiwa umefunikwa, mama hayupo.

Asiyejua hupokewa na Siti. Huyu ni jirani anayechangia naye ukuta, Mwislamu kutoka Kindu, muuza samaki wakavu. Yeye akishaswali alfajiri hatoki mlangoni. Asubuhi hii mwenye kabaza, baiskeli ya kubebea abiria, amesimama akimwita Vénérande kwa jina la mwanawe, "Mama Charlène! Mama Charlène!"

"Iko na Mungu yake," Siti anamjibu. "Kaa chini, ao enda urudi. Na kama ni njaa sana, niko na samaki."

Mwenye kabaza anacheka na kukaa.

Siti anakiri kwamba zamani alikosea. "Nilizania analala," anasema. "Kanisani kwabo banaomba kwa makelele mpaka siye huku hatusikilizani. Siku moja nikachungulia, nikakuta ametulia kabisa, macho wazi. Nikasema, aa, huyu anangojea jibu."

Vénérande akisimuliwa hayo anacheka mpaka anashika mbavu. Kanisani yeye ndiye kiongozi wa akina mama waombaji, na sauti yake inafika mbali. "Kule naongoza, utanisikia tu," anasema. "Lakini hapa jikoni nasoma Neno kidogo, kisha nanyamaza. Ukisema we tu, Yeye atasema saa ngapi?"

Saa hiyo haikuanza kwa utakatifu. Ilianza kwa hasira.

Hadi mwaka 2023 familia hii iliishi Area 23, jijini Lilongwe. Vénérande alikuwa na meza yake ya maandazi, na mumewe Fabien, fundi seremala, alitengeneza vitanda. Wakimbizi waliokuwa mijini walipotakiwa kurudi kambini, Vénérande na mumewe walipakiwa kwenye lori pamoja na watoto wao. Vitanda viwili vya wateja vilibaki bila kupigwa msasa. Vénérande alipanda na beseni la kukandia na madaftari ya watoto.

Alfajiri ya kwanza kambini alikanda unga wa kuazima, kwa sababu watoto lazima wale. Akaufunika, akakaa, akaanza kulalamika.

"Sikukuya kumusifu Mungu," anasema. "Nilikuya kumuuliza. Tulikimbia Bukavu, tukajenga. Tumefukuzwa tena. Tulikukosea nini? Nikauliza mpaka maneno ikaisha. Ilipoisha, njo nikasikia kama siko peke yangu mule jikoni. Kesho yake nikarudi."

Amerudi kila siku tangu wakati huo, isipokuwa majuma machache ya mwaka huu, na hayo ndiyo yaliyomtia adabu.

Ukimuuliza kwa nini asitafute saa nyingine, anakuonyesha nyumba. Ni chumba kimoja na nusu, na watu sita. Jua likichomoza, sufuria zinaanza, redio zinaanza, spika za wahubiri zinaanza, na watoto wa watu hawajui mlango wa mtu. Jioni alijaribu. Alisinzia akiwa amepiga magoti, na Fabien akambeba hadi kitandani kama gunia la mahindi.

Saa iliyobaki ni ile ambayo unga wenyewe umemlazimisha kungoja. Mikono haina kazi na watoto wamelala. Jiko ni lake.

Mapema mwaka huu saa hiyo ilipata mnunuzi.

Charlène, binti yake mkubwa, alikuwa ameingia kidato cha nne, mwaka wa mtihani, na ada ilikuwa kubwa kuliko beseni la mama yake. Siku nzuri, baada ya kutoa unga, mafuta na kuni, Vénérande hubaki na kama kwacha elfu sita. Hizo huliwa siku hiyohiyo.

Ndipo akaja Arakaza, mfanyabiashara Mrundi anayepeleka vitafunwa kwenye vibanda vya chai vya Area 23 na Mtandire, huko Lilongwe. Alionja andazi moja, akaomba la pili, akaagiza mabeseni matatu kila siku. Faida ingekuwa karibu mara tatu ya ile ya kawaida. Sharti lilikuwa moja tu: mzigo uwe tayari kabla jua halijatoka, kwa sababu gari lake huwahi wanywa chai wa mjini.

Kungoja hamira kusingewezekana. Arakaza alikuwa amelifikiria hilo pia, akaja na makopo ya baking pauda. Ukiichanganya tu, unakata na kukaanga. Mama alipotaja saa yake ya kusali, Arakaza alikuwa na jibu.

"Mungu yuko palepale, mama," alimwambia. "Gari ndilo linaloondoka."

Fabien alimpa mkono Arakaza hata kabla ya chai kupoa.

Vénérande hakukubali kupoteza saa yake kirahisi. Kwanza alijaribu kuamka mapema zaidi, kukiwa bado giza totoro. Siku ya tatu alisinzia mbele ya mafuta ya moto, na alama bado iko kwenye mkono wake wa kulia. Akajaribu kukanda jioni kwa hamira na kuuacha unga ulale, ukaamka mchachu, wateja wakatema. Basi akashika kopo la pauda.

"Nikajisemea, ni juu ya mutoto, Mungu ataelewa," anasema. "Nilikuwa naomba nikikaanga, naomba nikitembea. Lakini kuomba vile ni kama kusalimia mutu ukipita mbio. Humuulizi habari yake."

Pesa iliingia, na nusu ya kwanza ya ada ikalipwa. Nyumbani, hata hivyo, kulikuwa na mabadiliko ambayo hayakuhitaji kutangazwa.

"Feza ilikuya, siwezi kudanganya," anasema Fabien. "Lakini bibi yangu hakuwa tena na bonjour. Ukiomba chai, anakuangalia. Batoto bakaanza kupitia nyuma."

Siku iliyomsimamisha ilikuwa ya mvua. Charlène alikuwa anapeleka beseni kwenye gari akateleza karibu na bomba, na nusu ya maandazi ikaishia kwenye tope. Mbele ya watu wote wenye ndoo zao, mama yake alimpigia kelele.

"We ni muzigo! Tangu tutoke Lilongwe, we ni muzigo tu!"

Charlène aliinama kuokota maandazi. Vénérande ndiye aliyebaki amesimama hajui aelekee wapi, kwa sababu alilijua neno lile lilikotoka. Siku ya lori, mtu mmoja aliyekuwa akipakia watu aliwanyooshea kidole watoto wa Vénérande akasema "katundu", yaani mizigo kwa Kichewa, wapandishwe haraka. Kati ya yote ya siku ile, hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Ile neno nilikuwa nimeiweka mbele ya Mungu," anasema, na sasa sauti imeshuka. "Nililia juu yake asubuhi mingi, mpaka ikanitoka. Kumbe haikwenda mbali. Niliacha kukaa naye kidogo tu, ikarudi. Na ikatokea kwa kinywa yangu mi, kwa mutoto wangu mi."

Usiku ule alimwomba binti yake msamaha. Alfajiri akatia hamira, akafunika unga, akakaa kwenye ndoo. Gari likaja, likapiga honi, likapiga tena, likaondoka bila kitu.

Siku iliyofuata Arakaza alikuja mwenyewe, na Siti akampokea kama anavyowapokea wote. Tajiri alikaa juu ya tofali pamoja na watu wa foleni ya maji, kofia mkononi, hadi mama alipotoka.

"Patron, zikomo kwa kungoja," Vénérande alimwambia, akishukuru kwa Kichewa. "Mandazi yangu itaenda na gari ya pili, ao haiendi."

Gari la pili la Arakaza huondoka jua limeshatoka. Likifika Lilongwe, wanywa chai wameshakunywa. Arakaza akaongeza bei. Mama akatikisa kichwa. Akaongeza tena, mama akamkaribisha chai. Akaondoka na makopo yake.

Alipopigiwa simu na mwandishi, Arakaza hakuonyesha kinyongo. "Mimi si adui wa maombi, mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa," alisema. "Ila biashara ina saa zake. Yule mama maandazi yake yanatafutwa, naye anafunga duka wakati watu wana njaa. Utamfanyaje?"

Kinyongo kilikuwa kwa Fabien. Kwa siku tatu alimnunia mkewe. "Nilikasirika mbaya," anasema. "Nikamwambia, mutoto akikosa egzamen, utaenda kumueleza nini? Hakunijibu vibaya, na njo kitu kilinishangaza. Majuma yote ile angenirushia mwiko. Ile siku akasema, 'Papa Charlène, kula kwanza.' Nikajua bibi yangu amerudi."

Fabien akatafuta mbao, akapiga sanduku lenye kifuniko, akalifunga nyuma ya baiskeli. Sasa kila siku jua likipanda anapeleka maandazi hadi njia kuu, zinakosimama minibasi. Kipato kimezidi kidogo kile cha zamani, ingawa hakijakaribia kile cha Arakaza. Nusu ya pili ya ada inatakiwa mwisho wa mwezi huu, na hadi sasa pesa iliyopatikana haijafika hata theluthi yake.

Vénérande hafichi kwamba anaogopa. "Naogopa sana," anasema. "Ni mutoto wangu wa kwanza. Kila asubuhi namwambia Mungu kwamba naogopa. Lakini nikiacha kumwambia, ile woga itaenda wapi? Itaenda kwa batoto."

Mpango wake umeshaanza kuonekana nyuma ya jiko: rundo la matofali ya tanuri. Anataka kuoka mikate ya kukata, itakayokaa siku mbili tatu bila kuharibika, ili isafiri na gari lolote na kwa saa yoyote. Fabien ameshachonga kibao cha kukatia. Unga wa mikate, anaeleza mama, unaumuliwa mara mbili, hivyo kungoja kutaongezeka.

"Saa mbili nzima," anasema akicheka. "Mungu ndiye atanichoka."

Mwandishi anarudi alfajiri nyingine kuaga. Mlango wa jiko umerudishwa nusu, na mgongo wa Vénérande unaonekana, ametulia juu ya ndoo yake. Ndani ya nyumba simu ya mama inaita. Charlène, ambaye alikuwa anachekecha unga wa kesho, anaifuata haraka wadogo zake wasiamke.

Ni Arakaza. Sauti yake inasikika hadi nje: mkaangaji wake mpya amemwangusha, wateja wanaulizia maandazi ya mama. Akikubali kurudi, leo hiihii atamtumia pesa ya ada yote iliyobaki, kisha atamkata polepole kwenye malipo ya maandazi.

Charlène anageuka. Anautazama mlango wa jiko. Mkono ulioshika simu una unga mpaka kwenye kifundo. Kuna wakati inaonekana kabisa kwamba anataka kumwita mama yake.

"Muzee, asante sana," anasema mwishowe. "Lakini mama hawezi. Hapana, usingojee. Hata kesho hataweza. Gari ya pili, kama unataka, mi mwenyewe nitakuletea beseni."

Anasikiliza kidogo, anaaga kwa heshima, anaiweka simu chini na kushika tena chekecheo. Machozi yamemlenga, naye hayafichi. Mwandishi anamuuliza kama haikuwa afadhali mama ajibu mwenyewe.

"Nitamwambia akitoka," anasema Charlène. "Lakini ni masomo yangu, njo maana nimejibu mi."