Picha Iliyoachwa Ikauke

Kwa miaka kumi na miwili, tangu mwaka wa uhuru, Karugendo ndiye aliyepiga picha za eksirei katika hospitali ya misheni, si mbali na Nshamba. Watu walimwita Bwana Eksirei, naye akavimba kichwa. Kisha mwaka 1973 akaja Apolinary, daktari msaidizi aliyetoka kusomea Dar es Salaam, na sifa zote zikahamia kwake. Ndugu Apolinary hivi, Ndugu Apolinary vile! Hata Felicitas, mkewe Karugendo, alimtaja mbele ya sahani ya ndizi. Wivu ulimla Karugendo mzimamzima.

Asubuhi moja aliletwa Adventina wa Ijumbi, mama wa watoto wanne, ameishiwa maji kwa kuhara hata mishipa ya mikono haionekani. Apolinary akampitishia kwa sindano mrija wa maji chini ya mtulinga, kwenye mshipa mkubwa uendao moyoni. Wauguzi walibaki midomo wazi. Akaagiza picha ahakikishe mrija umekaa sawa.

Karugendo alipoinua filamu dirishani, ikichuruzika maji, aliona. Mrija ulikuwa mahali pake, lakini sindano ilikuwa imetoboa pafu la kulia. Hewa ilivujia kifuani na pafu limesinyaa. Moyo wake, aibu kusema, uliruka kwa furaha. Leo mtaalamu ataumbuka! Ilikuwa saa nne kamili.

Kanuni ya chumba ilisema picha isitolewe mpaka ikauke. Kwa wagonjwa mahututi aliivunja siku zote. Siku hiyo aliitii. Nesi Joviana aligonga mlango mara mbili.

"Haijakauka," Karugendo akamjibu. "Mwambie mtaalamu wenu avute subira."

Ndipo akamsikia mama yake Adventina akilia barazani, akichanganya na Kihaya, "Mawe! Mama wee, mwanangu anakosa pumzi, waitu!"

Furaha yote ikamtoka. Alikimbia wodini na picha mkononi. Apolinary aliitazama mara moja tu, akachoma sindano kifuani, hewa ikatoka kwa kishindo kidogo, na Adventina akavuta pumzi ndefu.

"Ndugu Karugendo," Apolinary aliuliza baadaye, akiandika kwenye faili, "uliiona saa ngapi?"

Angeweza kudanganya.

"Saa nne."

Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa tano. Apolinary akaiandika, akafunga faili.

Adventina alipona. Lakini tangu siku hiyo mpaka Karugendo anastaafu, kila ilipopigwa picha ya kifua, Apolinary alikuja mwenyewe kusimama mlangoni pa chumba cha giza, akangoja, mkono ameunyoosha.