Bonyeza Saba

Bernadine Wozniak, mjane na mpishi wa shule hapa Toledo, Marekani, alikuwa mtu mpole mpaka simu zilipomfundisha kutukana. Asubuhi aliomba benki mkopo wa nyumba. Jioni hiyo hiyo kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji zilikuwa zimeshauza habari zake kwa wakopeshaji wengine. Wakati huo sheria iliwaruhusu, na mpaka leo inanichefua.

Walimpigia akikoroga supu, walimpigia akiwa kanisani. Sanduku la barua likafurika bahasha zenye nembo zinazofanana na ya benki yake. Kuzima simu hakuthubutu. Nyumba hiyo ilikuwa kwa ajili ya mwanawe Dale, mfungwa, ambaye asingeachiliwa mapema bila kuwa na pa kufikia. Dale alikuwa amemsusa mama yake tangu baba yake azikwe yeye akiwa ndani. Bernadine alimpelekea ujumbe: chumba chako kipo, nipigie tu. Basi kila namba ngeni aliipokea roho mkononi.

"Kuna namba ya kujitoa kwenye hizo orodha zao," Loretta, mpishi mwenzake, alimwambia. "Ulitakiwa uipige kabla hujaomba mkopo."

"Ndiyo unaniambia leo, shoga? Na hizi zinazonitoa roho sasa hivi?"

"Zile za mashine huwa zinakwambia ubonyeze wapi wasikupigie tena. We bonyeza tu, yaishe."

Ushauri wa kwanza ulikuwa mzuri. Bernadine alijitoa, na zile bahasha zikaanza kupungua. Wa pili, Mungu amsamehe Loretta.

Siku moja simu iliita jikoni, mashine ya kuoshea vyombo ikinguruma. Bernadine alisikia sauti ile ile ya mashine, ile isiyopumua. Akaisogeza simu mbali na sikio, akafuta mikono, na alipoirudisha akadaka maneno ya mwisho: kuzuia simu za namna hii, bonyeza saba. Alibonyeza kwa nguvu, akacheka peke yake.

Jumapili akapigiwa na padri wa gereza.

"Mama, Dale anauliza kwa nini umemfungia."

"Nimemfungia nini, Padri?"

"Simu. Alikupigia. Simu za hapa hutanguliwa na mashine, inataja jina, halafu mpokeaji anachagua. Wewe ulibonyeza saba."



"Sikumfungia yeye," Bernadine alisema. "Niliwafungia watu wa mikopo. Mwambie, Padri. Nakuomba, mwambie."

"Nimemwambia mama yake hawezi kufanya hivyo makusudi. Anasema jibu ameshalipata. Hataki kupiga tena."

Bernadine alihangaika na kampuni ya simu za magereza mpaka wakamfungulia. Sasa simu haitoki mkononi, analala nayo, anaoga ikiwa kwenye ukingo wa sinki. Mimi ni jirani yake, namwona dirishani akiitazama, na moyo unaniuma.

Jana iliita nikiwa kwake. Namba ngeni. Aliinyakua.

"Dale? Mwanangu, ni wewe?"

"Hongera, Bi Wozniak," ikasema sauti ya mashine, changamfu. "Tumesikia unatafuta nyumba."

Hakukata. Aliisikiliza mpaka neno la mwisho, vidole vyake vikiwa mbali na vitufe.