Kiti cha Wilf katika Nyundo na Fuawe

Mmenisumbua mpaka mmenichosha. Nimewaambia shule niliiacha mapema, na herufi zangu zinatembea kama kuku aliyekanyaga wino, bado mnasema, "Andika, bibi, andika habari za barabara yetu." Haya. Nitaandika habari za jirani yangu Mavis Ibbotson na siku aliyompeleka mumewe kwenye kiti chake. Kanihadithia mwenyewe, na wifi yake kaniongezea. Pale walipopingana nimemwamini Mavis.

Mumewe, Wilf, alikuwa mtu wa tanuri kwenye kiwanda cha chuma hapa Sheffield. Alipofariki mwili wake ulichomwa ukawa majivu, kama alivyotaka, na wasia wake ulikuwa mmoja tu: "Nirudisheni kwenye kiti changu cha Ijumaa." Kiti hicho kilikuwa ndani ya baa ya Nyundo na Fuawe. Baa ilishabomolewa, na barabara nzima pamoja nayo. Leo ni uwanja wa kuegesha magari wa duka la mazulia.

Kilichomchoma Mavis ni kwamba hata baa ingekuwapo, kiti asingekijua. Enzi zile wanawake hatukuingia upande wa wanaume. Tulikuwa na chumba chetu nyuma, chenye tundu ukutani la kupitishia glasi, tukakaa humo na bia yetu nyeusi tukisema watu. Kicheko cha mumewe Mavis alikuwa akikisikia kupitia ukuta tu. Angemwaga majivu wapi? Akikosea, mtu amelala ugenini milele.

Aliyekijua kiti alibaki mmoja: Enid, dada yake Wilf, aliyekuwa akimimina bia upande wa wanaume. Na hao wawili hawapikiki chungu kimoja tangu siku ya harusi, Enid aliposema mbele ya wageni kwamba keki ni ngumu kuliko chuma cha kaka yake.

Mavis akameza kiburi, akapiga simu.

"Nilijua utanitafuta," Enid akasema.

"Kama ulijua, mbona hukupiga wewe?"

"Nikunyime raha ya kuomba?"

Wakaenda asubuhi, Mavis na majivu ndani ya kikapu cha sokoni, Enid na fimbo yake. Daraja la reli bado lipo, basi wakaanzia hapo, wakakata katikati ya magari wakitaja maduka.

"Hapa duka la rehani," Enid akasema.

"Rehani ilikuwa baada ya duka la utumbo."

"Wifi, suti ya Wilf niliipeleka rehani mimi kila Jumatatu, wewe ukiwa hata hujamwona. Usinifundishe!"

Wakapita palipokuwa kwa Bi Furniss, muuza utumbo, utumbo mweupe kama shuka juu ya meza ya marumaru. Wakapita bucha la nguruwe, foleni mpaka barabarani, watu wanangoja mkate wa nyama moto na ngozi iliyokauka kau, ukiitafuna jirani anasikia. Wakapita kwa Hattersley, aliyeuza misumari, jibini na mafuta ya taa, na vyote vilinuka mafuta ya taa. Enid akakumbuka king'ora cha kiwanda: kabla hakijalia, alikuwa keshazipanga glasi zilizojaa kaunta nzima, maana mtu aliyetoka kwenye tanuri hasubirishwi. Wanaume waliingia na taulo shingoni, na hakuna aliyetoa neno mpaka glasi ya kwanza iishe.

"Na masizi ya kiwanda je?" Mavis akasema. "Nilianika shuka nyeupe nikaanua za kijivu."

"Ungeyapata leo ungeanika tena."

"Ningeanika! Hata sasa hivi."

Kijana wa ulinzi akawafuata. "Mabibi, mmepoteza gari?"

"Tumepoteza barabara," Enid akamjibu. "Kazi njema, mwanangu."

Kisha akasimama mbele ya gari jekundu, akagonga chini kwa fimbo. "Kiti hiki hapa."

Mavis akashtuka. Siku zote alikuwa akimwona mumewe akilini kando ya moto wa baa, pamoja na vigogo wa kiwanda. "Si kwenye moto?"

"Kwenye moto walikaa waseja. Yeye alikaa kona mbaya, penye harufu ya choo, mgongo kwenye ukuta wa chumba chenu. Nilimwambia ahame, wenzake wakamcheka. Akasema, 'Hapa namsikia Mavis akisema watu.'"

Mavis akamgeukia. "Unasema hivyo kunifurahisha?"

"Mimi? Lini nimewahi kukufurahisha?"

Hapo Mavis akaamini.

Wakamngoja mwenye gari atoke na zulia lake, naye hakutoka upesi. Gari lilipoondoka, Mavis akainama, magoti yakalia, akammimina Wilf taratibu kwenye kiti chake. Kisha akamuuliza Enid ukuta ulipita wapi, akauvuka, akasimama upande wa wanawake, akaanza kusema watu kwa sauti kubwa. Alianza na Enid. Enid akaegemea fimbo, akasikiliza mpaka mwisho, na pale Mavis alipotia chumvi akamsahihisha.

Mimi nimemaliza. Sasa zamu yako, kila mmoja wenu. Inuka ukawaulize wazee wako walikaa wapi, na walitegesha sikio kumsikia nani, wangali wana midomo ya kukujibu. Kisha uje unisimulie. Usiniletee habari kwa simu. Njoo mwenyewe, ubishe hodi, nami nitakufungulia.