Oili Nyepesi ya Gari Letu

Mume wangu alipostaafu kazi ya magereza alirudi nyumbani Nalufenya, hapa Jinja, na maumivu ya mgongo, na ile tabia yake ya kukagua kila kitu kabla jua halijachomoza. Yeye ni mtu wa kaskazini, mimi ni Msoga wa hapahapa. Hakuna kati yetu aliyeijua vizuri lugha ya mwenzake, kwa hiyo tangu mwanzo nyumba yetu imekuwa ya Kiswahili. Baadhi ya majirani hawakukipenda. Kwao ni lugha ya askari waliovunja milango ya watu enzi zile za utawala wa kijeshi. Sisi tulimlelea binti yetu wa pekee ndani yake.

Binti alikuwa anasomea uuguzi Mbale. Kiinua mgongo cha baba yake kilikwenda chote kwenye gari kuukuu aina ya Noah, ambalo lingebeba wachuuzi na mizigo yao siku za gulio la Buwenge, na mapato yake yamlipie karo. Hatukuwa na mpango mwingine wowote.

Mume wangu alilitunza gari lile kama mtu anayetunza mgonjwa. Kwenye kifuniko cha injini palikuwa pameandikwa aina ya oili inayotakiwa, nyepesi. Madereva wenzake stendi walimcheka.

"Afande, hapa kwetu joto. Weka ile nzito, injini ikae kimya."

"Waliotengeneza injini wameandika nyepesi," alijibu. "Mimi nafuata waliotengeneza."

Fundi wake alimwambia amwage oili na kuweka mpya kila kilometa elfu tano. Akakataa hilo pia. Barabara ya Buwenge ni vumbi, alisema, gari linabeba mahindi na watu, linasimama na kuwaka siku nzima. Elfu tano ni za mtu anayekwenda ofisini na kurudi. Yeye angemwaga kila elfu tatu, na filta mpya kila mara. Alinunua makopo yaliyofungwa kwa lakiri, katika duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa mjini Jinja tuliyemfahamu miaka mingi, mtu ambaye hata chenji ya mtoto hakuwahi kuipunja. Oili za kupimiwa kwenye chupa za maji kando ya barabara hakutaka hata kuzitazama.

Baada ya miezi kadhaa akaanza kulalamika kwamba oili inakuwa nyeusi haraka. Alivuta kile kijiti cha kupimia, akafuta kwa kitambaa, akanionyesha.

"Mama, angalia. Juzi tu nimeweka."

"Labda inasafisha uchafu wa zamani," nikasema. Fundi naye alisema hivyohivyo. Basi mume wangu akaanza kumwaga mapema zaidi, na kila alipomwaga alirudi dukani kuchukua kopo lingine la aina ileile.

Siku tuliyompeleka binti kuanza mwaka wake wa mwisho, tulipakia godoro, sanduku na ndoo mpya. Asubuhi mume wangu alipima oili; ilikuwa imejaa mpaka alama ya juu. Tulipita Iganga, tukashika barabara ya Tirinyi. Binti alikuwa nyuma akitusimulia habari za wodi ya wazazi, jinsi alivyopokea mtoto kwa mikono yake mwenyewe na mama wa mtoto akamwita daktari. Baba yake alicheka sana. Wakati huo taa nyekundu ya oili ikawaka, ikazima, ikawaka tena.

Alitafuta mahali pa kusimama, lakini pande zote palikuwa na mashamba ya mpunga yenye maji na nyuma yetu lori linapiga honi. Injini ikaanza kugonga, kama mtu anayepiga nyundo ndani ya debe. Halafu ikakwama, isizunguke tena, na gari likaenda lenyewe kidogo, likanyamaza.

Tulivutwa kwa kamba hadi gereji moja Mbale, chini ya mlima Wanale. Fundi wa pale alifungua sahani ya chini ya injini, inamokaa oili, akatuita. Ndani palikuwa na utope mzito mweusi kama lami ya barabarani, na lile chujio ambalo pampu huvutia oili lilikuwa limezibwa nao. Oili ilikuwepo, haikuweza kupanda. Beringi zilikuwa zimesagika.

"Afande, ulikuwa unamwaga oili kweli?"

Mume wangu aliinama kuutazama ule utope. Nikajibu mimi, kwa hasira. Fundi akaomba aone kopo la akiba tulilokuwa nalo garini. Akamimina kidogo kiganjani, akasugua kwa vidole, akanusa.

"Hii ni oili chafu ya zamani. Wanachuja, wanarudisha kwa kopo, wanafunga tena. Pole, mzee."

Tuliporudi Jinja tulikwenda dukani. Yule mfanyabiashara alifungua makopo mbele yetu, moja baada ya jingine. "Wallahi, afande, hata mimi naletewa hivi. Gari yangu mwenyewe inakunywa hii." Nilitamani awe mwongo, nipate mtu wa kumchukia. Mume wangu alimpa mkono, tukatoka.

Injini nyingine hatukuiweza. Noah iliuzwa kulekule Mbale kwa vipande, viti vikatangulia. Chuo kilimngojea binti alete karo kwa muda, kisha kikaacha kungoja. Sasa anauza sukari na sabuni katika kiduka hapa Nalufenya, na sare zake nyeupe amempa msichana mwingine. Alizipiga pasi kwanza.

Mume wangu haamki tena mapema. Juzi nilimletea chai kitandani, nikakaa kando yake.

"Nilikosea wapi?" akaniuliza.

"Hukukosea, baba."

"Basi ningefanya nini?"

Nikamfunika miguu kwa shuka. Chai ikapoa mikononi mwake, naye akageukia ukutani.